Vidole vyangu bado viko kwenye apt

Wiki ya pili tangu nihamishe kompyuta yangu kutoka Debian kwenda Arch, yote mifumo ya Linux, na vidole vyangu bado havijapata habari. Nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, naandika apt install kwa mazoea, amri ya Debian ya kusakinisha programu, naambiwa amri hiyo haipo. Haya, huku kazi hiyo ni ya pacman. Kusakinisha ni -S, tena herufi kubwa. Kutafuta, -Ss. Kutafuta kati ya vifurushi, yaani programu, vilivyomo tayari kwenye mashine, -Qs. Kufuta kifurushi pamoja na vitegemezi, vile vifurushi kilivyovihitaji, visivyo na kazi tena, -Rs. Jamani, maneno kamili yaliwakosea nini?

Na ole wako uandike -Sy peke yake ukidhani ndiyo apt update yako ya zamani. Orodha ya vifurushi inakuwa mpya, mfumo unabaki wa kale, ukisakinisha kitu kinadai maktaba (msimbo ambao programu hutegemea) usizonazo. Jana usiku yamenikuta. Ni -Syu, vyote kwa mpigo.

Halafu majina ya vifurushi! build-essential, zana za kujengea programu, huku inaitwa base-devel. python3-pip, kisakinishi cha vifurushi vya lugha ya Python, ni python-pip. Nusu saa nzima natafuta kitu ambacho kipo, kimebadili jina tu kama mtu anayekwepa madeni.

Kwa kasi siisemi vibaya pacman, lakini. Asubuhi hii nimerudi kwenye seva ya kazini, yenye Debian, nikaandika nini? pacman -Syu.