Damu katika mkojo isihesabiwe kuwa kichocho tu

Namshukuru mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu saratani ya kibofu cha mkojo, hasa kwa kukumbusha kwamba upasuaji wa kwanza si mwisho wa matibabu. Kwetu Lubumbashi, jiji la eneo la Katanga kusini mwa Kongo (DRC), shida huanza mapema zaidi. Dalili ya kwanza huwa ni damu katika mkojo, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kwa kuwa kichocho kinajulikana sana Katanga, mgonjwa hupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, damu inakatika, naye anarudi kazini akiamini amepona. Dawa hiyo ni sahihi kwa kichocho. Lakini damu ya uvimbe nayo hukatika yenyewe na kurudi. Kwa hiyo mtu mzima ambaye inamrudia, hasa akiwa mvuta sigara, anastahili kuchunguzwa kibofu kwa kamera nyembamba inayopitishwa katika njia ya mkojo.

Uvimbe ambao haujaingia kwenye msuli wa kibofu huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Walio katika hatari kubwa ya uvimbe kurudi au kuenea huwekewa kibofuni BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu ambayo hapa huamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kila wiki kwa wiki 6, nayo huadimika hata katika nchi tajiri. Isipopatikana, zipo dawa za kuua seli za saratani kama mitomisini na jemsitabini.

Linaloniuma zaidi ni ufuatiliaji: kamera hurudiwa baada ya miezi 3, kisha kwa miaka, na mgonjwa asiye na bima hulipa mwenyewe kila mara, hata anaacha kurudi. Serikali ya mkoa ikitaka kusaidia kweli, igharamie kwanza uchunguzi huo wa marudio.