Mwanangu hajarogwa

Jana kwenye matatu ya Githurai, muziki ulipopandishwa, mwanangu wa miaka 6, mwenye usonji (autism), aliziba masikio akaanza kulia na kujitikisa. Mama wa kiti cha nyuma akasema, "Huyo mchape, atanyamaza." Mwingine akaniuliza kama nimempeleka kwa maombi. Nimechoka! Usonji si utundu, si laana. Ubongo wake hupokea sauti kwa namna yake. Kelele uliyoizoea wewe, kwake ni maumivu. Na wewe kijana uliyesema ni chanjo: makala ya daktari Wakefield ya mwaka 1998, yaliyohusisha chanjo na usonji, yalibatilishwa na jarida lenyewe, Lancet, mwaka 2010. Ni makanga tu aliyepunguza muziki, bila kuuliza lolote. Mtoto akatulia kabla hatujafika Roysambu.