"Bei Njoo Inboksi": Dalali wa Nyumba na Ushawishi wa Mtandaoni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye nyumba methali hiyo inagoma. Nyumba haibebeki kupelekwa sokoni, na asiyepita mtaa ule hatajua kama inauzwa. Kwa hiyo dalali anayeitembeza mtandaoni hana kosa. Ndiyo kazi yenyewe. Ubishi uko kwenye namna anavyoitembeza.

Tuanze na picha. Lenzi pana huingiza chumba kizima kwenye picha moja. Bila hiyo mpiga picha angebanana na ukuta na bado akapata nusu ya kitanda. Hapo mtazamaji amesaidiwa. Lakini angalia pembeni mwa picha: sinki la duara limekuwa yai, jokofu limenenepa. Kama jokofu limenenepa, basi na sakafu nayo imenenepa. Siku ya kwenda kuona nyumba mteja ananyoosha mikono, anakaribia kugusa kuta zote mbili, na kuanzia hapo haamini tena lolote analoambiwa, hata la kweli. Vipimo vya chumba kwa mita, vikiandikwa chini ya picha, vingeokoa safari ya wote wawili.

Kisha yako maneno ya kuharakisha: "Imebaki moja", "Ofa mwisho Ijumaa". Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, aliutaja uhaba mwaka 1984 miongoni mwa njia 6 za kumshawishi mtu. Madalali wanaoutumia wana hoja: hakuna nyumba mbili zilizo sawa kabisa, na kumwambia mteja kwamba mwingine ameshatoa ofa ni kumpa taarifa anayoihitaji. Ilimradi huyo mwingine yupo. Ijumaa inayorudi kila wiki ni uongo tu. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2005, ulipiga marufuku kudanganya kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana ili mnunuzi aamue papo hapo, na kwa sheria hiyo nyumba na ardhi ni bidhaa pia.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni "bei njoo inboksi". Watetezi wake husema inachuja watazamaji wasio na nia na kufungua mazungumzo, na hilo ni kweli kwa kiasi. Ila ukishaingia inboksi, swali la kwanza mara nyingi ni "unafanya kazi wapi?" Bei inakuja baada ya jibu lako. Na bei ya kwanza kutamkwa ina uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 1987 watafiti Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka mawakala wa nyumba kukagua nyumba moja huko Tucson, Arizona, wakawapa karatasi zenye taarifa zile zile isipokuwa bei iliyotangazwa. Makadirio yao yaliifuata bei hiyo, na wengi hawakukubali kwamba ndiyo iliyowaongoza. Kama mwenye kazi yake anavutwa hivyo, mnunuzi wa mara ya kwanza atafanyaje?

Hata hivyo, tunamhurumia mnunuzi tukimsahau mwenye nyumba, ambaye naye anashawishiwa. Matangazo ya "IMEUZWA ndani ya siku 3!" yanamlenga yeye, akabidhi nyumba yake kwa dalali huyo. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa mauzo ya karibu nyumba 100,000 katika jimbo la Illinois. Mawakala walipouza nyumba zao wenyewe, walizisubirisha sokoni takriban siku 10 zaidi kuliko za wateja wao na kupata bei ya juu kwa asilimia 3.7 hivi. Sababu haijifichi: nyongeza ya bei humpa dalali kipande kidogo tu cha kamisheni, ilhali siku za kusubiri na kuzungusha wateja zinamlemea yeye.

Yupo mwenye nyumba anayehitaji fedha upesi, na kwake siku 3 ni baraka. Aliye na nafasi ya kusubiri, tangazo hilo linamnyima kitu kimoja: iliuzwa kwa bei gani, na mwanzoni ilitangazwa kwa bei gani?