Kisukari hakiji kwa sukari peke yake

Kwenye baraza za kahawa Ngamiani, hapa Tanga, kisukari kina mshtakiwa mmoja tu. Mzee anakunywa kahawa chungu, kashata haigusi, na jioni anaagiza chipsi mayai hadi karatasi inalowa mafuta. Roho yake imetulia: sukari hajaila.

Wanaoilaumu sukari hawakosei. Ikizidi, ini huigeuza mafuta, na soda ya kila siku haina utetezi. Hilo limesemwa sana.

Upande wa mafuta ndio haujasikilizwa. Asidi za mafuta zikiingia kwenye msuli nyingi kuliko unavyoweza kuzichoma au kuzihifadhi, hubaki mazao ya njiani. Mojawapo, daiasiligliseroli, huamsha kimeng'enya kinachokata ujumbe wa insulini, homoni inayoiambia seli ipokee glukosi (sukari ya kwenye damu), ukiwa ndiyo kwanza unaingia kwenye seli. Jingine, seramidi, huukwamisha mbele kidogo, kwenye protini iitwayo Akt. Insulini inabisha hodi, hafungui mtu, na glukosi inabaki kwenye damu. Malighafi ya seramidi ni asidi ya palmitiki, nayo imejaa kwenye mawese, ambayo ndiyo mafuta tunayokaangia wengi wetu.

Kilichonishawishi mimi ni jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lililochapishwa 1996. Watu wenye afya zao walitiwa mafuta kwenye mshipa. Glukosi ilikuwa ileile, insulini ileile, kilichobadilika ni mafuta tu. Na baada ya saa chache misuli yao ikaanza kupokea glukosi kidogo. Saa chache, kwa mtu mzima wa afya! Sasa fikiria miaka 20 ya karai.

Wapinzani huuliza: mbona wakimbiaji wa mbio ndefu wana mafuta mengi ndani ya misuli, na insulini yao inafanya kazi vizuri? Swali zuri, na kwangu linaipa hoja nguvu. Msuli unaotumika huyachoma mafuta na kuyajaza upya, hayo mazao hayapati nafasi ya kulundikana. Mvuta nyavu wa Deep Sea na muuza duka anayeshinda kwenye stuli wanaweza kula chapati zilezile, misuli yao isizipokee sawa.

Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, 2017, ulikuta kwamba kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 kisukari chao cha aina ya pili kilitulia bila dawa kwa mwaka huo. Walipunguza chakula chote, kwa hiyo upande wa sukari nao una haki ya kuudai ushindi huo. Lakini mafuta kwenye ini lao yalipungua sana, na ndiyo maana kliniki, baada ya kumuuliza mzee vijiko vya sukari, ningetaka aulizwe pia lita ya mafuta nyumbani kwake inakaa siku ngapi.