Shokapu Isiyofunguka Usiinunue

Juzi nilipita Sakina, hapa Arusha, kwenye kijiwe cha kuoshea bodaboda, nikamkuta kijana ameshikilia baiskeli yake ya milimani huku mwoshaji akilenga bomba la presha pale paipu la shokapu ya mbele linapoingia kwenye mguu wa chini. Alipomaliza, fundi wa jirani akaja na kopo la grisi, akayapaka mapaipu yote mawili, akamhakikishia kwamba sasa itacheza. Hasira yangu haijaisha mpaka leo. Baiskeli ilikuwa nzuri, kijana anaipenda, na watu wawili wameiharibu mbele ya macho yake kwa nia njema kabisa.

Jamani, tunaishi chini ya Mlima Meru. Vumbi letu ni la volkano, laini kama unga, na ndani yake mna chembe ngumu zinazokwaruza chuma. Ukipaka grisi nje umeliwekea mtego: linanata, na kila shokapu inapobonyea, chembe zinasagwa kwenye sili, ile raba inayozuia uchafu usiingie ndani. Sili ikishachoka, maji ya presha na ya masika yanapita bila hodi. Kinachoilainisha shokapu ni oili kidogo iliyomo ndani ya miguu, pamoja na pete za sponji zilizokaa chini ya sili. Ya nje futa tu kwa kitambaa.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue ipi, chapa na urefu wa kubonyea vinaweza kusubiri. Kwanza inafunguka? Sili zake zinajulikana saizi? Hizi za springi zisizo na jina, zinazokuja na baiskeli mpya za bei rahisi, nyingi zina zaidi ya kilo mbili, na spea zake hutazipata popote. Haya, mtu wa kwenda sokoni na kurudi itamfaa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo ni heri uma mgumu usio na shokapu kabisa: mwepesi, hauvuji, na hautakudanganya kwenye kona.

Dhahabu iko kwenye mtumba. RockShox, Fox, Manitou, Suntour za upepo (zinazojazwa upepo badala ya springi), zinaletwa na baiskeli za Ulaya na kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu zimekwama. RockShox, kampuni iliyoanza Marekani mwaka 1989, inatoa miongozo ya kufungulia shokapu zake bure kwenye tovuti, hata za miaka mingi nyuma. Shokapu ya namna hiyo haijafa. Pitisha ukucha kwenye paipu lote, na ukinasa kwenye mkwaruzo, achana nayo, maana mkwaruzo huo utakula kila sili utakayoweka. Kisha bana breki ya mbele, weka kidole pale paipu linapoingia mguuni, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo hapo, bushi, yaani pete za ndani ambamo paipu linateleza, zimekwisha. Angalia pia shingo, paipu la juu linaloingia kwenye fremu: ni iliyonyooka ya inchi moja na moja ya nane, au inayopanuka chini? Ya kupanuka haiingii kwenye fremu ya zamani.

Milimita 100 mpaka 120 za kubonyea zinatosha njia za Monduli, na zinawatosha wenzetu wa Moshi wanaoshuka kutoka Kibosho. Kuweka ya 160 kwenye fremu iliyotengenezewa 100 ni kuinua pua ya baiskeli na kuitesa fremu.

Sasa kufungua. RockShox wanashauri miguu ya chini ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa kiangazi chetu mimi nasema mapema zaidi, na masika yakiisha usingoje kitu. Toa upepo wote, ukiwa umeandika ulikuwa kiasi gani. Legeza bolti za chini mizunguko michache, gonga kwa nyundo ya raba mpaka ziachie, zitoe, vuta miguu. Yakimwagika maji ya kahawia na sponji zikatoka nyeusi, utajua kwa nini ilikuwa inakwama. Safisha, loweka sponji kwenye oili, paka grisi kidogo ndani ya midomo ya sili (hapo ndipo mahali pake), weka oili mpya kwa kipimo cha modeli yako, rudisha.

Mafundi wa pikipiki hapa mjini wanabadilisha sili za shokapu za bodaboda kila siku, mikono wanayo. Ila wasilazimishe sili ya bodaboda kwenye baiskeli. Hata tundu la ndani likikaribiana, upana wa nje haukubali, na mguu wa magnesiamu unapasuka. Sili halisi, seti nzima inaenea kwenye bahasha. Wewe unayepokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, pima unene wa paipu kwa kalipa, kwa mfano milimita 30, 32 au 35, soma namba ya shokapu (za RockShox mara nyingi iko nyuma ya taji, kile kipande cha juu kinachounganisha mapaipu mawili), kisha muombe mgeni anayekuja akubebee. Na fundi atakayekubali kujifunza kazi hii, mlipeni saa zake zote kama mnavyomlipa wa injini, hata mara ya kwanza anapofanya polepole huku akisoma mwongozo kwenye simu.