Choo kinapoponyoka, Leicester na Tanga

Nesi wa kliniki ya mtaani kwangu hapa Leicester, Uingereza, aliniuliza kavukavu, kama anayeuliza uzito: "Kuna wakati haja kubwa inakuponyoka?" Nilikuwa nimejifungua miezi minne nyuma, nikachanika hadi kwenye misuli ya njia ya haja. Nikaona haya, nikaangalia ukuta. Akanitolea karatasi yenye picha saba za choo, kuanzia kile cha vigololi kama cha mbuzi hadi maji matupu, nimwoneshe changu ni kipi.

Sikupelekwa kwenye kisu. Nilifundishwa kubana misuli ile kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe, nihesabu, niachie, nirudie, kila siku. Kahawa nipunguze. Nikishakula nisubiri kama nusu saa niende chooni, maana chakula kikiingia tumboni, utumbo nao huamka. Siku za safari, kidonge cha loperamide, cha kufunga choo. Wapo wanaohitaji kushonwa misuli. Mimi miezi mitano baadaye nilipanda basi bila nguo za akiba kwenye mkoba.

Sasa jamani, hapo kuna lipi lisilowezekana Tanga? Wazungu wametuzidi kuuliza tu. Kwa usafi sisi tuko mbele: kopo la maji halichubui ngozi kama karatasi kavu, na chupa yangu naenda nayo hadi kazini, wacha wacheke. Lakini kwetu mtu akichafuka anaacha harusi, anaacha maulidi, majirani wanasema anaringa. Mzee akivuja, anakimbiliwa kwa dawa ya kufunga choo, kumbe wakati mwingine amezibwa na choo kigumu, kinachovuja ni majimaji yanayopenya pembeni. Dawa ile inamzidishia. Na fistula, ambayo kinyesi au mkojo hupitia ukeni baada ya uzazi mgumu, hospitali ya CCBRT pale Dar wanaitibu bure. Ila mgonjwa lazima aseme kwanza, na nani kamuuliza?

Shangazi yangu kwenye shughuli zote hukaa mlangoni. Siku zote nilidhani ni joto. Mwezi uliopita nikampigia, na baada ya shikamoo na habari za mvua nikamuuliza vilevile alivyoniuliza nesi. Kimya, hadi nikadhani mtandao umekata.

"Tangu kifunguamimba wangu, mwanangu."

Kifunguamimba wake ana miaka 31.