Sikupigwa na Umeme

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuutangazia ulimwengu kwamba nilirushwa na umeme mbele ya jopo, naomba kusahihisha: sikupigwa na umeme. Niliunguzwa na opampu, yaani chipu ya kukuza volti, tena ndogo kuliko ukucha wa kidole kilichoungua.

Mezani kwangu kipimajoto nilichokwenda kulionyesha jopo kilikuwa na adabu zote. Kihisi kilitoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na opampu ikaipokea volti hiyo na kuitoa vilevile, kwa kuwa tokeo lake lote lilirejeshwa kwenye ingizo hasi. Ukumbini, hata hivyo, skrini ilikuwa upande wa pili, nikaunganishiwa kebo ya koaksia yenye urefu wa mita 20. Wajuzi mmeanza kucheka, nawaona.

Nilitumbukiza kihisi katika glasi ya maji ya mwenyekiti wa jopo. Skrini ikaandika 71. Mwenyekiti akaitazama skrini, akaitazama glasi, akanitazama mimi, kisha taratibu akachovya kidole majini na kukiacha humo. "Ni baridi," akasema. Mtu akaigusa kebo kwa mguu. 71 ikawa 58, kisha 80. Nami, kwa sauti ya msomi asiyeulizwa mara mbili, nikatamka kwamba saketi haina kasoro yoyote, na ili kuthibitisha hilo nikaibonyeza opampu kwa kidole cha shahada, nikakigandamiza barabara, huku nikiwatabasamia. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kifuani pangu. Mlio nilioutoa ulianza na herufi A, na haukufika kwenye herufi nyingine.

Kebo ya aina ile huhifadhi chaji kama kapasita, takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo huo) kwa kila mita, kwa hiyo opampu ilikuwa imebebeshwa pikofaradi 2,000. Upinzani wa ndani wa tokeo, ukikutana na mzigo huo, huuchelewesha mrejesho, yaani ile volti inayorudishwa kwenye ingizo hasi. Ucheleweshaji huo hupimwa kwa nyuzi za pembe, si za joto: ongeza nyuzi 90 zinazotokana na fidia ya opampu yenyewe (kinga yake ya ndani dhidi ya kutetemeka), na jumla huweza kufika nyuzi 180 kabla ukuzaji wa kitanzi, yaani wa mzunguko mzima wa tokeo kurudi kwenye ingizo, haujashuka chini ya 1. Hapo mrejesho hasi hugeuka chanya, na volti ya opampu huanza kutetemeka yenyewe bila kuombwa na mtu. Yangu ilitetemeka kwa kasi ambayo skrini haikuweza kuiona, ikiijaza kebo chaji na kuinyonya, ikijipasha moto, huku skrini ikionyesha wastani tu wa vurugu hiyo. (Ndiyo, wewe unayetaka kuandika kwamba opampu za kisasa zina kapasita ya fidia ndani: ilikuwamo. Aliyeitengeneza hakuahidiwa mita 20 za kebo.)

Ili kuitenga opampu na mzigo wa kebo, rezista ya omu 50 ikawekwa kati ya tokeo na kebo, mrejesho ukachukuliwa kabla ya rezista, skrini ikaandika 24, tukaondoka. Ripoti ya jopo ilikuwa na sentensi mbili: "Kifaa kimetengamaa. Mwasilishaji bado."